Makabati ya Kuagiza katika Jiko la Nyumba ya Zamani



Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mlaji anayetaka kulitengeneza upya jiko la nyumba ya zamani kwa makabati yanayoundwa na seremala kwa kipimo cha jiko hilo hilo. Bidhaa ya namna hii haina duka la kurudishwa. Kabati lililokatwa kufuata ukuta wako halimfai jirani yako. Likikosewa, hasara itabaki kwako au kwa fundi, na mara nyingi karatasi mliyoandikiana ndiyo itakayoamua ni kwa nani.

Nyumba nyingi za zamani za Tanga, Pangani na Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, tena ni nadra kunyooka. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Mtakeni fundi apime upana mahali patatu, yaani chini, usawa wa meza na juu. Kisha ashushe timazi na kuweka pimamaji sakafuni. Vipimo vya kukatia mbao vichukuliwe baada ya lipu na vigae kukamilika, kwa kuwa vyote viwili hula nafasi. Kabati la chini kwa kawaida huwa na kina cha sentimita 60 hivi. Ukuta uliobonyea sentimita tatu huacha upenyo nyuma ya sinki, na maji hayahitaji mkubwa kuliko huo.

Unyevu ndio adui hasa. Ukuta wa chokaa hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa polepole hewani. Ukizibwa kwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, na kabati lililoegemezwa hapo halipati hewa mgongoni. Mbao za unga uliogandamizwa, ambazo karakanani huitwa MDF, zikiingiwa na maji huvimba na kufumuka, wala hazirudii hali yake. Mninga na mkongo hustahimili zaidi, ila bei yake ni kubwa, na mbao mbichi, hata ziwe za mninga, hupinda. Hatusemi MDF haifai. Makabati ya juu, mbali na sinki, yanaweza kuundwa nayo bila majuto. Tunachokikataa ni mlaji kulipia mninga akaletewa mbao nyingine iliyopakwa rangi ya mninga. Ombeni kipande cha mfano, fundi na mteja watie sahihi nyuma yake, nacho kihifadhiwe na mteja. Sheria ya mauzo ya bidhaa inataka kinachouzwa kwa sampuli kilingane na sampuli.

Kuhusu malipo, fundi anahitaji fedha ya kununulia mbao, na hilo ni haki yake. Lakini mlaji aliyetoa fedha yote kabla ya ubao wa kwanza kukatwa amebaki na kusihi tu. Yagawanyeni malipo kwa hatua: mbao zikionekana karakanani, makabati yakishaundwa, yakishafungwa ukutani. Sehemu ya mwisho ingoje hadi kila mlango na droo ifunguke bila kukwama, na sinki lijazwe maji na kumwagwa pasipo kuvuja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo. Lakini ni nani atakayethibitisha kwamba mlipozungumza kivulini mlitaja mninga wala si mkongo? Hata ujumbe wa simu usifutwe.

Liko jambo moja ambalo wateja hulitaja wakiwa wamechelewa, nalo ni mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya kabati lililofungwa hutuama chini ikingoja cheche. Ni bora mtungi ukae nje ya nyumba. Ikiwa hapana budi ukae kabatini, mwelezeni fundi kabla hajakata mbao, ili aache matundu ya hewa karibu na sakafu, hata akilalamika kwamba yanaharibu sura ya kazi yake.

Sasa tutapokea maswali. Waliokuja na makubaliano yao ya maandishi watangulie, tuyasome pamoja.