Tufanye Shauri Kabla ya Mvua Kubwa

Maneno kwa wamama wa kilinike

Mumefika leo kupimisha watoto kilo, wengine mumekuja na mimba, wengine munangojea chanjo. Mukiwa mumekaa, ninaomba masikio yenu kwa dakika chache. Leo hatutasema juu ya bui wala surua. Tutasema juu ya mvua kubwa, ile inayoshuka usiku pamoja na radi na kuingiza maji nyumbani.

Pengine mama mmoja atauliza: "Mvua ni kazi ya Mungu, muganga ataifanyia nini?" Ni kweli, hatuwezi kuifunga mvua. Lakini kuna mambo mawili yaliyo mikononi mwetu: mahali watoto watakapokuwa maji yakifika, na maji watakayokunywa kesho yake. Nuhu hakusimamisha mvua. Alitengeneza safina wakati jua lilikuwa lingali linawaka.

Mambo yaliyotokea kwetu

Hatusemi juu ya inchi za mbali. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na bomba za maji za mji ziliharibika.

Tena tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilishuka katika teritware ya Kalehe. Maji yalitelemka kutoka mlimani pamoja na mawe na matope, yakapiga Bushushu na Nyamukubi karibu na ziwa Kivu. Kule Nyamukubi ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Angalieni miezi hiyo: Aprili na Mei. Wakati ule udongo umekwisha kunywa mvua ya miezi mingi na umeshiba. Maji yanayozidi yanakimbia juu yake. Na mlima uliokatwa miti yote hauna mizizi ya kushika udongo. Kwa hiyo wakati tunapodhani mvua inakaribia kwisha, ndio wakati wa kukesha zaidi.

Shauri la nyumbani

Jambo la kwanza si dawa, ni mazungumzo. Mara nyingi baba hayuko usiku ule. Yuko safarini, ao kwenye mashimo ya dhahabu, ao kwenye uvuvi. Mama anabaki peke yake na watoto, naye anafikiri: "Nikitoka bila ruhusa, atasema niliacha nyumba kwa wezi." Anangoja. Maji hayangoji.

Basi, mama, ongea na baba watoto leo jioni. Muulize mbele ya watoto wote: "Maji yakija usiku nawe haupo, ninatoka?" Akisema ndiyo, mambo yamekwisha kukatwa, na hautapoteza saa ya kutafuta ruhusa. Muchague pamoja mahali pa kukimbilia: nyumba ya ndugu iliyo juu, kanisa ao shule isiyo kando ya mto wala chini ya mteremko mkali. Muende kwa miguu mchana pamoja na watoto, ili kila mmoja ajue njia isiyovuka mto.

Kisha utengeneze mfuko mmoja, uutundike karibu na mlango. Utie ndani:

1. Fishi za watoto na fishi yako ya mimba, zimefungwa vizuri ndani ya sashe mbili.
2. Tochi na kiberiti, navyo ndani ya sashe.
3. Sabuni, chumvi, sukari na kijiko kidogo cha chai.
4. Dawa unazokunywa kila siku, kama uko na ugonjwa wa siku nyingi.
5. Kitenge kimoja kikavu na nguo ya mtoto mchanga.

Mama mwenye mimba ya miezi nane ao tisa, kama nyumba yako iko ng'ambo ya mto, usingoje uchungu. Njoo ukae kwa ndugu karibu na materniti wakati njia ingali nzuri.

Wakati wa radi

Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu polepole. Ngurumo ikisikika mbele ya kufika 30, radi iko karibu. Ingiza watoto nyumbani. Toka shambani, toka ziwani na mtoni, usisimame chini ya mti. Ndani ya nyumba kaa mbali na mlango na madirisha, na usiguse nyuzi za umeme. Ngoja dakika 30 nzima baada ya ngurumo ya mwisho, kwa sababu radi inaweza kupiga hata mvua ikiwa imekatika.

Wengine wanasema radi ni ya kutumwa na adui. Wamama, radi ni umeme unaotoka katika mawingu, na hauchagui mtu kwa ajili ya chuki. Maneno hayo yanatuletea ugomvi katika kartiye, tena yanatuletea kifo, kwa sababu watu wanaogopa kumgusa aliyepigwa. Mwili wake haubaki na umeme. Mguse. Kama hapumui na haitiki, mulaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na upesi bila kuacha, mpaka aanze kupumua ao msaada ufike. Wengine wakimbie kuita muganga.

Maji yakianza kuja

Usingoje maji yaguse kitanda. Mukisikia mngurumo kama wa mawe yanayovingirika, toka. Mto ukigeuka matope ghafula, ao ukipunguka ghafula wakati mvua inanyesha, toka: pengine udongo umeufunga kule juu, nao utapasuka. Ukiona ufa mpya katika udongo, ao miti inaanza kuinama, toka vilevile.

Mtoto mdogo umfunge mgongoni, wakubwa washikane mikono. Itia jirani, zaidi sana mzee na mama aliyezaa juzi. Usirudi kutafuta gunia la unga wala shereheni. Tunajua gunia lile ni jasho lako. Lakini unga hununuliwa tena.

Usivuke maji yanayokimbia. Hata maji yasiyofika goti yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huoni shimo wala jiwe. Mama akianguka, mtoto wa mgongoni anakunywa maji mbele yake. Heri kungoja upande huu mpaka asubuhi, hata katika baridi. Waya wa umeme ulioanguka usiukaribie.

Asubuhi usiingize watoto nyumbani upesi. Ukuta wa matofali mabichi uliolowana unaweza kuanguka hata jua likiwaka. Mtu mzima autazame kwanza, na mtu asilale kando yake.

Hatari ya pili iko ndani ya kikombe

Maji yamepunguka, watu wanamshukuru Mungu, kila mtu anaanza kutoa matope. Hapo wengi wanafikiri hatari imepita. Lakini maji yale yalipita ndani ya vyoo, yakachukua uchafu na kuupeleka katika visima, katika chemchemi na katika ziwa. Siku chache baadaye watoto wanaanza kuhara. Kwetu Kivu kolera haiko mbali, nayo inaweza kuua mtu kwa muda wa saa chache tu.

Basi tufanye hivi. Maji ya kunywa, uyaache kwanza yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi, kisha uyachemshe mpaka yapige mapovu makubwa kwa dakika moja. Ninyi mukaao juu sana milimani, muache dakika tatu. Uyafunike ndani ya bidoni safi. Kama hauna makala, uliza kituo cha afya dawa ya kutia katika maji, uitie kwa kipimo watakachokuonyesha.

Choo kikijaa maji, muchimbe shimo lingine mbali na kisima, hatua 40 ao zaidi, na mufunike uchafu kwa udongo kila mara. Mavi ya mtoto mchanga vilevile. Munawe mikono kwa sabuni ao majivu mukitoka choo na mbele ya kugusa chakula. Unga na chakula kilichoguswa na maji ya mto, tupa. Na mtoto wa chini ya miezi sita apewe ziwa tu, bila maji. Ziwa la mama halikuguswa na mto.

Mtoto akihara

Usimnyime kunywa. Anapoteza maji, umrudishie maji. Serumu ya kunywa ya kituo cha afya ndiyo nzuri kupita zote: pakiti moja katika litri moja. Ukiikosa, tengeneza hivi:

Maji safi litri moja (chupa mbili za nusu litri),
sukari vijiko 6 vidogo vya chai, vilivyosawazishwa,
chumvi nusu ya kijiko kidogo cha chai, basi.

Onja. Isipite chumvi ya machozi. Ikipita, mwaga, anza tena, kwa maana chumvi nyingi inaumiza mtoto. Kila akihara, mtoto wa chini ya miaka miwili apate robo mpaka nusu ya kikombe, mkubwa nusu mpaka kikombe kizima, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Serumu ya jana usiitumie leo.

Mlete hospitali upesi kama anahara maji meupe kama maji ya mchele, macho yameingia ndani, hakojoi, analegea, hawezi kunywa, ao kuna damu. Njiani endelea kumpa serumu. Mwulize muganga pia dawa ya zinki, ambayo mtoto anakunywa kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha.

Tena musisahau musitikeri. Baada ya mafuriko maji yanasimama kila mahali, na mbu wanazaliwa humo. Mtoto akipata homa, msimpe dawa ya soko. Mumlete apimwe damu.

Maulizo ya kukumbuka nyumbani

1. Je, baba watoto na mimi tumepatana juu ya kutoka?
2. Watoto wanajua mahali pa kukimbilia?
3. Fishi ziko ndani ya sashe?
4. Ninajua kipimo cha sukari na chumvi bila kusoma?

Mama asiyejua kusoma, jirani amsomee karatasi hii mara mbili. Kilinike ya kesho kutwa tutawauliza, na kila mmoja atatengeneza serumu hapa mbele yetu, tuionje pamoja.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu, mvua ikinyesha na jua likiwaka.