Milima Iliyotoka Manchester



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya marehemu Baba. Wengi wenu mwajua kuwa alikuwa mtu wa reli. Wachache mwajua kwamba mashine aliyoitumikia ilizaliwa katika mji huu huu tuliokutanika leo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mizigo ilirundikana bandarini Mombasa na injini zilizokuwapo zikaelemewa. Shirika la Reli la Afrika Mashariki likaagiza injini 34 za daraja la 59 kutoka kampuni ya Beyer, Peacock, hapa Gorton. Ziliundwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, ilhali njia yenyewe ilikuwa na upana wa mita moja tu. Katika reli za upana huo, hapakupata kuwapo injini ya mvuke iliyozishinda nguvu.

Siri yake ni umbo alilolibuni Mwingereza Herbert Garratt. Boila iliwekwa katikati, ikabebwa na vigari viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja na silinda na magurudumu yake. Hivyo uzito ulienea juu ya reli, na mashine ya zaidi ya mita 31 ikaweza kujipinda penye kona. Ilivuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 530, palipoinuka zaidi ya mita 1,600. Na kila moja ilipewa jina la mlima wa kwetu.

Baba alikuwa mtia moto. Moto ule haukuwa wa makaa, bali wa mafuta mazito. Alifungua na kufunga vali huku akiutazama moshi: ukiwa mweusi, mafuta yamezidi. Jicho la pili lilikuwa kwenye kioo cha maji, kwani maji yakipungua mno, boila huweza kupasuka na kuwaua wote.

Alipokuja kututembelea mwaka 1987, hakutaka kuonyeshwa maduka. Aliomba apelekwe Gorton. Kampuni ilikwisha kufunga milango tangu mwaka 1966. Alisimama kando ya barabara, akavua kofia, akasema, "Kumbe ni hapa." Kisha akanitajia dereva wake na watia moto wenzake, mmoja baada ya mmoja. Sikuyaandika majina yale. Leo nayakumbuka mawili tu.

Injini za mwisho za daraja hilo ziliondolewa kazini mwaka 1980. Mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Vibao vya chuma hutaja mlima na kiwanda. Mikono iliyouwasha moto haikuandikwa popote.

Ndugu zangu, kosa langu lisiwe lenu. Wapo hapa wazee waliofanya kazi relini, bandarini na majumbani mwa watu. Kabla hatujaagana leo, kila kijana na achukue kalamu, aketi miguuni pa mzee mmoja, amwulize: ulifanya kazi gani, na ulifanya pamoja na nani? Aandike majina yote, kisha ayasome tena kwa sauti, mzee apate kuyasahihisha.