Miezi ya Kusubiri Matokeo: Vijana Wetu Waende Wapi?

Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka ya wana-Lushoto waishio Dar es Salaam



Mmezoea kwamba Kamati ya Fedha ikisimama hapa, ni mapato na matumizi. Taarifa hiyo ipo na itasomwa. Kabla yake tunaomba dakika chache tuzungumzie hesabu nyingine, hesabu ya miezi.

Mtoto wetu hufanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Matokeo hutoka Januari. Waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shule Julai. Hapo katikati kuna zaidi ya nusu mwaka ambao mtoto hana kengele wala mwalimu. Ndipo anapofunga begi, anashuka Mombo na kupanda basi. Aende wapi, akafanye kazi gani? Mara nyingi swali hilo halijibiwi na mzazi. Linajibiwa na yule aliyetangulia kupiga simu.

Sisi wenyewe tulipita njia hiyo. Mmoja wetu katika kamati hii, alipomaliza kidato cha nne miaka ya tisini, alishuka mlima juu ya lori la kabichi hadi Kariakoo. Alipokelewa na mjomba mwenye duka, akakabidhiwa daftari la wadeni. Mshahara haukuwepo, kulikuwa na ugali na mahali pa kulala. Lakini alijifunza kwamba mali iliyotoka bila kuandikwa ni mali iliyopotea. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, mjomba yule yule alimkatia tiketi ya kurudi. Leo ni mhasibu.

Sasa sikieni habari ya pili. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa kwetu alimaliza mtihani, akaletwa hapa mjini kusaidia kazi za nyumbani "kwa muda tu". Hakuwa na simu. Mshahara wake ulikuwa ukiwekwa na mwenye nyumba ili apewe wote siku ya kuondoka. Alifaulu, akachaguliwa kidato cha tano. Baba yake alipopiga simu, akajibiwa kwamba asubiri kidogo hadi apatikane msichana mwingine. Alipofika shuleni, siku za kuripoti zilikuwa zimepita na nafasi yake imejazwa. Tulichanga, akaanza masomo mwaka uliofuata katika shule ya kulipia. Mwaka mzima ulikwenda hivyo hivyo.

Linalotuuma ni hili: nyumba aliyokuwa akifanyia kazi ilikuwa mitaa miwili kutoka kwa mjumbe wa kamati yetu. Hatukujua kwamba yupo.

Ndugu zetu, hatusemi vijana wasisafiri. Kutembea ni kuona. Tunasema safari hii ichaguliwe kwa hesabu. Tuchukue mfano wa kijana anayeahidiwa shilingi 150,000 kwa mwezi hapa Dar es Salaam, ajitegemee. Chumba, tuseme 40,000. Chakula cha 3,000 kwa siku ni 90,000. Daladala 600 kwenda na 600 kurudi, kwa siku 26, ni 31,200. Jumla ni 161,200. Hajanunua sabuni wala vocha, na tayari anadaiwa 11,200. Kwa hiyo anayemwambia mtoto aje mjini kutafuta ada hajapiga hesabu. Kama hana wa kumpokea, safari hiyo ni hasara tangu siku ya kwanza.

Tunawaomba wazazi mwulize maswali matatu kabla ya kumruhusu mtoto apande gari.

La kwanza, nani anampokea? Tunataka jina, mtaa na namba ya simu, na mzazi azungumze na mtu huyo kwa sauti yake mwenyewe.

La pili, atarudi na nini mkononi? Miezi sita kwa fundi cherehani, fundi umeme au kwenye duka lenye vitabu vya hesabu ina faida hata kama malipo ni kidogo. Miezi sita ya kuzunguka na maji ya kunywa kwenye foleni itampa hela ya siku hiyo hiyo tu.

La tatu, na ndilo kubwa, ataweza kurudi siku tukimwita? Baada ya matokeo, vijana hupewa nafasi ya kubadilisha tahasusi kwa njia ya mtandao, kisha majina hutoka, kisha fomu za kujiunga na shule. Kila hatua ina tarehe yake. Aliye porini bila simu, au ambaye mshahara wake umeshikwa na tajiri, tarehe zote zinampita.

Kwa maswali hayo, kuna mahali panapojiondoa penyewe. Machimboni ni mojawapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kazi za hatari kama za migodini ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, na wengi wa watoto wetu wa kidato cha nne hawajafika umri huo. Na kuna mahali tunapopadharau kwa sababu ni karibu. Tanga mjini kuna mafundi na maduka, na kurudi ni safari ya siku moja. Soni kuna biashara ya mboga inayohitaji mtu wa kuandika mizani na bei. Wageni wanaokuja kutembea Irente na msitu wa Magamba wanahitaji waongozaji, na kijana anayeandamana na mwongozaji mzoefu atarudi darasani Kiingereza chake kimenyooka.

Wale wa kidato cha sita hesabu yao ni tofauti kidogo. Wanamaliza mtihani Mei, wengi wanaitwa JKT, kisha kuna maombi ya chuo na ya mkopo. Hao tunawashauri wasiende mbali na vyeti vyao.

Basi harambee ya leo ina mambo mawili. La kwanza ni daftari la wenyeji. Kila mwanachama mwenye duka, karakana, ofisi au chumba cha ziada aandike jina lake, na kazi anayoweza kumfundisha kijana mmoja kuanzia Desemba hadi Juni. Hilo halina gharama, ila lina dhamana: utampokea kama mwanao, na majina yakitoka utamrudisha.

La pili ni mfuko wa nauli ya kurudi. Fedha hizo hazitampeleka mtoto kokote. Kazi yake ni moja, kumtoa popote alipo na kumfikisha shuleni kabla ya siku za kuripoti kwisha, awe na mshahara mkononi au hana. Kila shilingi itakatiwa risiti, na mwakani mtasomewa nani alirudishwa kutoka wapi, kwa nauli ya kiasi gani.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza zenu. Hata nauli ya mtoto mmoja tunaipokea kwa mikono miwili. Binti yule alikosa mtu mmoja tu wa kugonga mlango na kusema, "Mwanetu anaitwa shule." Mwaka huu mtu huyo awe ni sisi.