MACHO MEKUNDU NA KADI YA CHAMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, na kuchapishwa hapa kwa maombi ya wengi)





Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya shauri lililo mbele ya tawi, nalo ni kwamba mwanachama wetu asinunue tena katika duka la mtu wa chama kinachotawala, asende arusini kwake, wala asimzike maiti wake. Walioleta shauri hili si watu wabaya. Ni watu waliodhulumiwa, na dhulma ina uchungu. Lakini kabla hatujanyanyua mikono kupiga kura, tunaomba ruhusa tuwachukueni safari ya mbali, mpaka Bariadi katika Mkoa wa Simiyu. Huko limo somo ambalo sisi watu wa Visiwani tunalihitaji kuliko tunavyodhani.

Simiyu ni mkoa mpya. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa Mkoa wa Shinyanga na Mkoa wa Mwanza, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya Wasukuma, watu wa pamba na ng'ombe, na wenzetu wafanya biashara huifuata kwa mchele na dengu. Lakini ukikaa katika baraza zetu utasikia nchi nzima ile imefungwa katika neno moja: "Wabara ni wale wale. Wote wa kijani, na wote washirikina."

Neno hilo "wote", Ndugu Wanachama, ndilo tunalotaka kulikamata jioni hii na kuliuliza maswali.

Ati wote wa kijani? Katika uchaguzi wa 1995, aliposimama Maalim Seif hapa kwetu kugombea Urais wa Zanzibar, kule Bara alisimama mtoto wa Bariadi, Bwana John Momose Cheyo wa chama cha UDP, kugombea Urais wa Jamhuri. Bwana huyo aliiwakilisha Bariadi Mashariki Bungeni akiwa mpinzani hata mwaka 2015. Watu waliompigia kura walikuwa Wabara, Wasukuma, wakulima wa pamba. Yeyote asemaye kwamba Bara yote ni rangi moja, Bariadi inamsuta.

Ati wote washirikina? Basi jueni na wao wanavyotusema sisi. Mtu wa Visiwani akifika Bara, hakosi kuulizwa kama ni kweli kila Mpemba ni mchawi na kila nyumba ya Pemba ina jini wake. Tunacheka, na tunakasirika, maana twajua kuwa sisi ni watu wa sala na saumu. Lakini nani miongoni mwetu asiyemjua mtu aliyekunywa kombe au kupigiwa bao la ramli? Mfumu wa Kisukuma na mganga wetu wangekutana njiani wangeamkiana kwa adabu na kuulizana dawa. Kumbe neno "wote" lina makali pande zote mbili: tunawakata nalo, na wanatukata nalo.

Sasa natuingie ndani ya somo lenyewe, nalo ni la huzuni.

Katika nchi ya Usukuma kwa miaka mingi wameuliwa vikongwe, na khasa wanawake, kwa kudhaniwa wachawi. Hesabu zilizokusanywa zinaonyesha kwamba baina ya mwaka 1970 na 1984 waliuliwa Tanzania Bara watu zaidi ya 3,600 kwa mambo ya uchawi, na katika hao zaidi ya 2,200 walikuwa wa Usukuma. Wengi wao walikuwa wanawake. Na alama iliyowaponza wengi ni moja: macho mekundu.

Tufikiri pamoja, macho hayo yamekuwaje mekundu? Miti katika sehemu kubwa ya nchi ile ilikatwa, mingine ili kufukuza mbung'o, mingine ili kupata mashamba ya pamba. Kuni zikawa haba. Mwanamke akapikia samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba, katika nyumba isiyo na dirisha la maana, asubuhi na jioni, miaka arubaini, miaka khamsini. Moshi ule umewapikia waume, umewapikia watoto, umewapikia wajukuu. Kisha siku moja mjukuu anakufa kwa homa, au ng'ombe anaanguka, na watu wanatafuta nani aliyefanya. Wanamtazama bibi kizee, wanaona macho mekundu, wanasema: huyu. Alama ya utumishi wake imegeuzwa kuwa ushahidi wa hatia yake.

Na tusidhani kwamba kila mwenye kunyoosha kidole ameamini. Waliochunguza mambo haya wamekuta mara nyingi kwamba nyuma ya neno "mchawi" pana shamba. Mjane ana ardhi, ndugu wa mume wanaitaka, na njia fupi ya kuipata ni kumpa jina. Mjinga huiamini dhana, na mwerevu huifanyia biashara. Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda popote pale watu wanapokubali kuhukumiana kwa alama moja.

Hata waliotaka kuzuia shari walinaswa na mtego huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Usukuma na Unyamwezi waliunda Sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, wakafanya kazi ya kusifiwa. Lakini baadhi yao wakawageukia vikongwe. Baadaye, tangu mwaka 2007, khofu ikazidi kwa mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa. Hapo jino la tamaa lilionekana wazi, maana viungo vya binadamu viliuzwa kwa dhana kwamba vinaleta utajiri. Mwaka 2009 Serikali ikawapa wananchi makaratasi ya kura ya siri waandike majina ya wanaowashuku. Sisi tunaojua thamani ya kura tujiulize: sanduku la kura likiwa la kutajia jirani, mwenye kisa cha mpaka wa shamba ataandika jina la nani?

Lakini, Ndugu Wanachama, tungekuwa madhalimu kama tungeishia hapo, tukarudi nyumbani tukisema "Wasukuma wanaua vikongwe." Hilo nalo ni macho mekundu. Wasukuma hao hao wana jambo ambalo sisi tungelijifunza. Tangu karne ya kumi na tisa ngoma zao zimegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, kila upande ukifuata nyayo za mganga wake mkuu wa zamani. Baada ya mavuno pande mbili hupiga ngoma uwanja mmoja, kila mmoja na dawa zake na madoido yake, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Kuna kutambiana na kuna maneno makali. Lakini upande ulioshindwa haukatazwi kisima, na mwaka unaofuata hurudi uwanjani kujaribu tena. Na pale Bujora, karibu na Mwanza, ngoma za mashindano hayo huchezwa katika siku za sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki, na aliyesimamisha makumbusho ya Wasukuma mahali pale ni padri kutoka Kanada, David Clement. Wala Ukristo haukufa, wala ngoma haikufa.

Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hilo. Visiwa hivi tangu zama za Masultani vilikuwa na Kadhi wa Kiibadhi na Kadhi wa Kishafi, kila mtu akihukumiwa kwa madhehebu yake, na mitaa ilikuwa mmoja. Mababu zetu walijua kwamba mtu anaweza kukhitalifiana nawe katika jambo kubwa kama sala, na bado akawa jirani wa kuazimana chumvi.

Liko jambo jingine linalotuunganisha na nchi ile, na wengi wamelisahau. Mwaka 1976 Serikali ilifanya msako wa wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Shinyanga. Watu wengi walikamatwa kwa kushukiwa tu, wakateswa, na baadhi wakafa mikononi mwa walinzi wa sheria. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, akachukua dhamana ya yaliyotendwa na walio chini yake.

Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, alifariki 2024, na hakuwa wa upande wetu hata siku moja. Mwanawe alitangazwa Rais wa Zanzibar mwaka 2020 katika uchaguzi ambao upinzani haukuyakubali matokeo yake. Lakini tendo lile la 1977 lilikuwa tendo la kiungwana, na tukishindwa kulisema hivyo kwa sababu ya kadi aliyokuwa nayo mfukoni, basi macho yetu yana maradhi zaidi kuliko ya wale vikongwe.

Sasa turudi kwenye shauri letu.

Mnaujua wakati unaoitwa Zama za Siasa. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 watu wa visiwa hivi waligomeana maduka, wakafukuzana mashambani, wakasusiana maziko. Neno likawa ni Hizbu au Afro-Shirazi, na hapakuwa na jina la tatu. Aliyeanza kwa kususa duka hakudhani kwamba ataona damu, lakini Juni 1961 walikufa watu 68 katika fujo za uchaguzi, na yaliyofuata Januari 1964 hatuna haja ya kuwasimulieni. Baada ya 1995 tukarudia. Pemba palikuwa na duka la chama hiki na duka la chama kile, na maiti akitoka akitazamwa kwanza alikuwa wa nani. Ikaja Januari 2001, watu wetu wakapigwa risasi, na wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Kisha Novemba 2009 wakuu wetu wawili, Rais Karume na Maalim Seif, wakakaa pamoja, na katika kura ya maoni ya Julai 2010 watu 66 katika kila mia walikubali Serikali ya Umoja. Mwaka ule tulizikana tena.

Mtu ataniuliza: je, mwataka tunyamaze? La, hashaa. Kustahamiliana si kusamehe wizi wa kura, wala si kumwita dhalimu mwadilifu. Aliyenyima mtu kitambulisho chake tumshitaki kwa kitendo hicho, kwa jina lake na tarehe yake. Aliyempiga mtu tumtaje. Lakini fundi baiskeli mwenye kadi ya chama kinachotawala, ambaye hakumnyima mtu kitu, ana kosa gani? Tukimhukumu yeye kwa kadi, mwenye kosa khasa atajificha nyuma yake, kama vile muuaji wa Usukuma anavyojificha nyuma ya neno "mchawi". Dhulma hupenda sana kelele ya "wote", maana ndani ya "wote" hapatikani mtu mmoja wa kujibu.

Sisi tuliosomeshwa chuoni twajua kwamba Sura ya Al-Hujurat imetutaka tuichunguze khabari kabla ya kuwadhuru watu kwayo, na imetuonya juu ya dhana. Haikusema dhana ya Wasukuma peke yao.

Mwingine atasema: huyu ni mwenye duka, anatetea mfuko wake. Na ajue kwamba shauri hili likipita, mfuko wetu utajaa. Jirani yetu wa kushoto ana duka, na kadi yake ni ya upande wa pili. Wateja wake walio wanachama wetu watahamia kwetu kesho asubuhi. Lakini jirani huyo kapanda kwa jasho, kama sisi, na hatuoni halali kula faida iliyopatikana kwa kumpa mtu jina baya.

Kumbukeni pia mwaka 2010, wakati wengi wetu tulikuwa CUF. Watu wa Lindi Mjini walimchagua Bwana Salum Khalfan Barwany, na akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge wa jimbo katika nchi hii. Ilikuwa katika miaka ile ile ambayo watu wenye hali kama yake walikuwa wakiwindwa. Wapiga kura wa Lindi hawakutazama ngozi yake, walisikiliza maneno yake. Chama kilichofanya hivyo kwa ngozi ya mtu kitashindwa kufanya hivyo kwa kadi ya mtu?

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta shauri jingine badala ya lile, nalo lina vifungu vitatu. Kwanza, tawi liandike daftari la dhulma: nani katenda, lini, wapi, na shahidi ni nani, na lisiandike orodha ya watu kwa chama chao. Pili, mwanachama wetu awe wa kwanza kufika mazikoni, hata kama aliyefiwa hataki kumwona. Tatu, katika baraza zetu, mtu akisema "wote", aulizwe: "Wewe umewaona wangapi?"

Hayo ndiyo yetu. Mnayo kura mkononi, itumieni kwa akili.