Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Leo tusome habari za uvimbe wa taya.

Mtoto wako akivimba taya, na meno yakilegea bila kuanguka wala kupigwa, usimchanje wala usimng'oe meno. Mpeleke hospitali siku ile ile.

Katika mwaka 1957, huko Mulago, Kampala, Daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Ni saratani. Huwapata zaidi watoto wa nchi zenye malaria nyingi. Hukua upesi mno; katika siku chache uso huharibika.

Daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe, kikatazamwa kwa hadubini. Kisha mtoto hutiwa dawa mshipani. Mara nyingi hapasuliwi usoni: uvimbe hunywea, na sura yake hurudi. Lakini dawa sharti zimalizwe, kwa maana ugonjwa huweza kujificha mwilini, ukarudi.

Sasa andikeni jibu: Kwa nini mtoto asiachishwe dawa sura yake inaporudi?

Kwaherini, hata juma lijalo.