SAMAKI ANAYELALA UBAVU

Kiongozi wa kikundi awe na karatasi na kalamu, maana mwisho wa somo yapo maswali ya kujadiliana.

Leo tutazungumza juu ya samaki wa kufugwa nyumbani aitwaye beta. Asili yake ni Thailand, ambako huishi katika majaruba ya mpunga na vinamasi. Wengine humwita samaki mpiganaji, kwa kuwa madume wawili hawakai chombo kimoja. Ugonjwa unaowatia hofu wafugaji wake ni huu: asubuhi samaki huonekana amelala ubavu juu ya maji, au amezama chini asiweze kupanda. Mwenyewe husema, "Huyu amekwisha," akamtupa. Au hukimbilia duka la dawa. Yote mawili ni haraka isiyo na faida.

Kwanza tujue samaki hueleaje. Nendeni soko la samaki pale ufukoni, mkatazame changu akipasuliwa. Chini ya uti wa mgongo kuna mfuko mweupe uliojaa hewa. Huo ndio kibofu cha hewa. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria hukiita bondo, na bondo la sangara huuzwa kwa bei kubwa. Kibofu hiki humwezesha samaki kukaa katikati ya maji bila kuzama wala kuibuka. Papa hana kibofu. Yeye husaidiwa na ini lake lenye mafuta mengi, yale mafuta ya sifa wanayopaka mafundi wa vyombo vya bahari.

Wavuvi wa mshipi wanajua jambo jingine. Chewa akivutwa upesi kutoka kilindini, hufika juu tumbo limemtokea mdomoni. Katika kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Samaki akipandishwa kutoka hapo, hewa ya kibofu hutanuka mara mbili, wala haina mlango wa kutokea; hurudi katika damu polepole tu. Kibofu cha beta nacho hakina mlango. Kwa hiyo kikishapoteza mizani yake, hakuna dawa ya kukirudisha kwa saa moja. Kulala ubavu ni dalili tu. Kazi yetu ni kuondoa kilichokisumbua kibofu, kisha kungoja.

Vinavyokisumbua ni hivi hasa. Cha kwanza ni chakula. Tumbo la beta ni dogo sana, nacho chakula kikavu cha dukani huvimba kikilowa. Akishiba kupita kiasi, au akifunga choo, utumbo hukibana kibofu. Cha pili ni maji, yakiwa machafu au ya baridi. Beta ni samaki wa maji ya joto, nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Baridi hupunguza nguvu ya kusaga chakula, na uchafu huleta vijidudu. Cha tatu ni kilema au jeraha. Wale samaki wadogo wa madimbwi ya bonde la Ruvu, waitwao Nothobranchius kwa jina la kitaalamu, huzaa watoto ambao wengine hushindwa kujaza kibofu siku za kwanza. Hao huburura tumbo chini maisha yao yote. Kilema cha namna hiyo hakiponi.

Haya, andikeni matibabu kwa utaratibu.

1. Msimpe chakula kwa siku mbili au tatu. Beta mzima huvumilia njaa hiyo bila madhara.

2. Badilisheni robo ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku nzima kwanza. Maji ya bahari ni mwiko.

3. Punguzeni kina cha maji kifike sentimita 10 hadi 15. Beta huvuta pia hewa ya juu. Aliye mgonjwa asipandishwe mlima.

4. Wekeni chombo mahali penye joto, hasa wakati wa kipupwe, lakini si juani. Maji machache hupata moto upesi.

5. Baada ya kufunga, mpeni viluwiluwi vya mbu viwili au vitatu kwa siku. Hicho ndicho chakula chake cha asili. Lakini msifuge mbu kwa ajili yake! Chukueni viluwiluwi dimbwini, na vinavyobaki mvimwage pakavu vife. Malaria haina huruma.

6. Asipopata nafuu, tumieni chumvi ya haluli: kijiko kimoja cha chai katika lita 4 za maji, katika chombo cha pembeni, kwa dakika 10, kisha mrudisheni. Chumvi ya mezani haifanyi kazi hiyo.

Jambo moja nawaonya sana. Wako watu wanaofungua vidonge vya rangi mbili na kuvimwaga ndani ya maji. Kama tatizo ni shibe, dawa hiyo haitasaidia kitu; inawazoesha vijidudu, na kesho tutaihitaji kwa watoto wetu.

Mkiona magamba yamesimama kama koni ya msonobari na tumbo limevimba, huo ni ugonjwa mwingine, na ni wachache wanaopona. Samaki mgonjwa msimtupe mtoni Ruvu; atapeleka maradhi kwa samaki wetu.

Maswali ya kikundi: Kwa nini chewa hutokwa na tumbo? Ni mambo gani matatu tuyatazame kabla ya dawa? Je, mifugo yetu mingine nayo hupewa dawa kabla ya kutazamwa chakula na maji yake?

Jadilianeni vizuri. Kwaherini mpaka somo lijalo.