Dawa ya Wasiwasi Yataka Subira

(Mazungumzo kwa viongozi na wanachama wa vyama vya msingi, Same)



Mkulima wa kahawa wa Chome au Suji hang'oi mche kwa kuwa haukuzaa mwaka wa kwanza. Hupalilia na kutia samadi miaka mitatu hivi, ndipo achume. Lakini mkulima huyo huyo akipewa dawa ya ugonjwa wa wasiwasi, pengine huitupa siku ya nne, akidai imemzidishia maradhi.

Mwenye ugonjwa huu moyo humwenda mbio, usingizi humpotea na fikra hazitulii kwa muda mrefu, hata kazi ikamshinda. Matibabu yake si mageni: tangu mwaka 1980 mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilitangulia katika mpango wa kuyafikisha matibabu ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya, ili si kila mgonjwa asafirishwe hadi Mirembe, Dodoma.

Yafaa ieleweke kwamba aghalabu dawa hizi hudai gharama kabla ya kutoa faida. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kutetemeka, hata kuongeza wasiwasi siku za mwanzo. Nafuu huja baada ya majuma mawili hadi sita. Amitriptilini hukausha kinywa, hufunga choo na kuleta kizunguzungu mtu ainukapo ghafla. Mengi ya maudhi hayo hupungua mwili uzoeapo. Diazepamu hutuliza upesi, lakini ikitumiwa majuma mengi mwili huitegemea.

Hapana budi mgonjwa ashike mambo manne. Kwanza, aandike katika daftari siku aliyoanza dawa na kila badiliko analoliona, kama karani aandikavyo mapokezi ya mazao. Pili, amwulize tabibu saa ya kumeza, na kama ameze pamoja na chakula. Tatu, aepuke dengelua, kwani pombe pamoja na diazepamu huweza kudhoofisha pumzi. Na mirungi, ambayo ni marufuku kisheria, huzidisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Nne, asiache dawa ghafla wala kuongeza kipimo kwa shauri lake. Tabibu ndiye apunguzaye au abadilishaye, na kubadilishiwa dawa si dalili kwamba ugonjwa hauponi.

Akijiwa na mawazo ya kujiua, akivimba uso au akipata shida ya kupumua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kamati nazo zina wajibu. Mwanachama ashukaye kutoka milimani kwenda kliniki apewe nafasi, hata kama siku hiyo ni ya kupokea tangawizi. Asinziaye kwa dawa asisimamie mashine. Maradhi ya mtu yasiwe ajenda ya mkutano.

Tena, mweka hazina atetemekaye mbele ya mkaguzi huweza kudhaniwa mwizi, kumbe yumo katika juma la kwanza la dawa. Akiiacha kwa kuogopa macho ya watu, chama chaweza kumpoteza mtumishi mwaminifu. Vikaguliwe vitabu vyake, wala si mikono yake.